Chai: Kutoka Kikombe cha Ukarimu Hadi Tasfida ya Hongo

Utangulizi

Katika jamii nyingi za Kenya, mgeni haulizwi iwapo atakunywa chai. Aghalabu huulizwa tu iwapo atatiliwa sukari. Sufuria huinjikwa mekoni kabla hajamaliza kusalimiana na wenyeji, na akiondoka kabla ya kikombe kumfikia, wenye nyumba hubaki na fedheha kana kwamba wamemfukuza. Hata hivyo, neno lilo hilo, likitamkwa na mtu aliyeketi nyuma ya meza katika ofisi ya umma au aliyesimama kando ya barabara kuu, humfanya msikilizaji ajipapase mfukoni. Je, imekuwaje jina la kinywaji cha ukarimu likawa pia jina la hongo?

Makala haya yanalenga kulijibu swali hilo. Kwanza, tutaangazia kwa muhtasari asili ya mmea wenyewe na safari ya jina lake. Pili, tutatalii namna chai inavyonywewa na kuthaminiwa katika tamaduni kadhaa za ulimwengu. Tatu, tutarejea nyumbani Kenya, na hatimaye tutachunguza neno chai kama tasfida, yaani neno la adabu linalotumiwa kusitiri jambo lisilopendeza kutajwa waziwazi.

Asili ya Mmea na Safari ya Neno

Mchai, ambao wanasayansi huuita Camellia sinensis, ni mmea ulioanzia Asia, katika maeneo ya kusini-magharibi mwa China na nchi zinazopakana nayo. Wachina wana kisasili kisemacho kwamba mfalme wao wa kale, Shennong, alikuwa akichemsha maji ya kunywa pale upepo ulipoyaangusha majani ya mti ndani ya chungu. Aliyaonja maji hayo, akayapenda. Kisasili si historia, lakini hudokeza jinsi jamii inavyokithamini kitu. Kwa Wachina, chai ilipaswa kuasisiwa na mfalme aliyefundisha pia kilimo na tiba. Katika karne ya 8, zama za utawala wa Tang, msomi Lu Yu aliandika kitabu kizima kiitwacho Cha Jing, akieleza mmea, vifaa, maji yafaayo na namna ya kunywa.

Jina la kinywaji hiki lilisafiri kwa njia mbili kuu. Wachina wengi huuita mmea huu cha, ilhali wasemaji wa lahaja za pwani ya Fujian huuita te. Waholanzi, waliokuwa wakisafirisha chai kwa merikebu katika karne ya 17, waliipokea kutoka kwa wafanyabiashara wa Fujian. Ndiyo maana Kiholanzi, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani vina maneno yatokanayo na te. Upande wa pili, neno cha lilipita nchi kavu, likafika Uajemi na kuwa chai. Kirusi, Kituruki na Kihindi vikalichukua kwa umbo hilo au linalokaribiana nalo, na Kiarabu kikasema shai. Wareno, japo walikuwa mabaharia, walifanya biashara kupitia Macau ambako watu walisema cha, na hadi leo husema hivyo.

Kiswahili chetu, ingawa ni lugha iliyozaliwa pwani, kimo katika kundi la nchi kavu. Sababu si ngumu kuitambua. Waswahili hawakulipokea neno hili kutoka Fujian bali kutoka kwa majirani wao wa Bahari ya Hindi, Waajemi na Wahindi, ambao tayari walikuwa na umbo la chai. Kinyume chake, Wamoroko, ambao ni wasemaji wa Kiarabu na Kiamazighi, husema atay, neno lenye mzizi wa te, kwa kuwa chai yao ililetwa na merikebu za Ulaya. Kwa hivyo, kwa kulisikiliza neno moja tu, mtu huweza kukisia ni nani aliyeleta shehena.

Thamani ya Chai katika Tamaduni Mbalimbali

Nchini Japani, mtawa wa Kibudha aitwaye Eisai alirudi kutoka China mwaka wa 1191 akiwa na mbegu za chai, na baadaye akaandika kitabu kuhusu manufaa yake kwa afya. Karne nne baadaye, Sen no Rikyu (1522–1591) aliikamilisha sanaa ya kuandaa chai kwa unyenyekevu. Unga wa kijani wa majani ya chai hukorogwa katika maji ya moto kwa kifagio kidogo cha mwanzi, ndani ya kijumba kisicho na mapambo mengi. Mlango wa kijumba hicho ni mdogo na mfupi mno, hivi kwamba kila aingiaye sharti ainame na kutambaa, awe bwana au mtwana. Shujaa wa vita naye hulazimika kuuacha upanga wake nje. Kwa muda wa kikombe kimoja, vyeo huwekwa kando.

Kule Tibet, mahali pa baridi kali, chai hupikwa ikakolea, kisha hutiwa chumvi na siagi itokanayo na maziwa ya yaki, na kusukwasukwa hadi ichanganyike barabara. Bakuli la mgeni halipaswi kuachwa tupu. Akipiga funda, mwenyeji huongeza. Aidha, majani ya chai yaliyoshindiliwa na kukaushwa kama matofali yalisafirishwa kwa misafara ya wanyama na wapagazi kuvuka milima. Watawala wa China wa enzi ya Song waliyabadilisha kwa farasi wa kivita. Katika Tibet, Mongolia na Siberia, matofali hayo yalitumika hata kama fedha: mtu aliweza kununua kondoo kwa chai. Jambo hili tulihifadhi akilini, maana tutalirejelea.

Warusi waliipata chai kwa njia ya nchi kavu, hasa baada ya mkataba wa Kyakhta wa mwaka wa 1727 uliorasimisha biashara kati yao na China. Walibuni samova, birika kubwa la chuma lenye moto ndani yake, ambalo huweza kukaa mezani jioni nzima likitokota huku jamaa wakizungumza. Nao Wamoroko huchemsha chai ya kijani pamoja na nanaa na sukari tele, kisha huimimina kutoka juu ili ifanye povu katika bilauri ndogo. Katika jamii za Sahara, ni desturi mgeni kunywa bilauri tatu kutoka katika birika lilo hilo, kila moja ikiwa nyepesi na tamu kuliko iliyotangulia. Kuondoka kabla ya ya tatu ni kumvunjia mwenyeji heshima.

Uingereza ina hadithi yake, na si tamu kama inavyosawiriwa katika matangazo. Binti mfalme wa Ureno, Catherine wa Braganza, alipoolewa na Mfalme Charles wa Pili mwaka wa 1662, aliipa chai hadhi katika jumba la kifalme. Kwa zaidi ya karne moja, ushuru mkubwa uliifanya kuwa kinywaji cha matajiri. Mwaka wa 1784 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5, na chai ikafika katika vibanda vya maskini. Lakini sukari iliyotiwa katika vikombe hivyo ilizalishwa na Waafrika waliotumikishwa utumwani katika visiwa vya Karibi. Fauka ya hayo, Waingereza walipokosa fedha za kutosha za kuwalipa Wachina, waliwauzia afyuni, na China ilipoipiga marufuku, vita vya mwaka wa 1839 hadi 1842 vikazuka. Mwaka huohuo wa 1839, chai ya kwanza kutoka Assam, India, iliuzwa mjini London. Uingereza ilikuwa imeanza kujipandia yake.

Wahindi nao waliigeuza chai ya mkoloni kuwa yao. Badala ya kumwaga maji moto juu ya majani na kutia tone la maziwa, waliyachemsha maji, maziwa, majani na sukari pamoja, wakaongeza tangawizi na iliki. Hii ndiyo chai tuijuayo sisi.

Licha ya tofauti hizi zote, mambo matatu yanajitokeza kila mahali. Mosi, chai hudai muda. Hakuna utamaduni unaomheshimu mgeni kwa chai ya haraka. Pili, chai hutoka katika chombo kimoja na kugawiwa walioketi pamoja. Tatu, ndani ya nyumba, mgeni halipishwi. Anachodaiwa ni kukaa, kunywa na kuzungumza.

Chai Nchini Kenya

Mchai ulipandwa nchini kwa mara ya kwanza Limuru, mwaka wa 1903. Kilimo cha biashara kilianza mwaka wa 1924, pale kampuni za Kiingereza zilipofungua mashamba makubwa, hasa Kericho. Kwa miaka mingi Mwafrika alikuwa mchumaji wa majani hayo, si mmiliki. Ni kuanzia miaka ya 1950 ndipo wakulima wadogo wa Kiafrika waliporuhusiwa kwa wingi kupanda mazao ya biashara. Shirika la kustawisha chai ya wakulima wadogo, KTDA, liliundwa mwaka wa 1964, na leo linahudumia zaidi ya wakulima 600,000. Mnada wa chai ulioanzia Nairobi mwaka wa 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka wa 1969, na huko ndiko chai ya nchi kadhaa za Afrika huuzwa. Kenya huongoza ulimwenguni kwa kuuza nje chai nyeusi, na sehemu kubwa kabisa ya zao lake hunywewa na wageni, Wapakistani wakiwa wateja wakuu.

Kidogo kinachobaki nyumbani kimejijengea msamiati mpana. Tuna chai ya maziwa na chai ya rangi, ambayo wengine huiita sturungi, neno lililotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kali. Tuna chai ya tangawizi, na chai ya saa nne ambayo bila hiyo shule na ofisi nyingi hazingejua asubuhi imefika katikati. Isitoshe, kunywa chai ni kustaftahi: mtu aliyekula mihogo na uji huweza kusema kwamba amekunywa chai. Katika Kiswahili cha mitaani cha Tanzania, chai ni habari ya uongo. Pwani, kwenye vibaraza vya Lamu na Mombasa, kahawa chungu imeshika nafasi kubwa ya kuyaandama mazungumzo ya wazee, lakini asubuhi, mahamri na mbaazi hudai chai.

Chai Kama Tasfida

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya uovu huu. Rushwa limetokana na Kiarabu. Hongo, katika karne ya 19, lilikuwa jina la ada ambayo misafara ya biashara iliwalipa watawala wa bara ili iruhusiwe kupita katika himaya zao. Ilitozwa hadharani na kujadiliwa mchana. Kuna pia mrungura, chauchau na kadhongo. Hali kadhalika, methali zetu zimelishuhudia jambo hili kwa muda mrefu: penye udhia penyeza rupia, na mkono mtupu haulambwi. Iweje basi, pamoja na utajiri huo wote, mla hongo wa leo achague kusema chai au kitu kidogo?

Kuupa mlipo jina la kitu ni desturi kongwe ya Waswahili. Katika posa na ndoa, kilemba ni fedha au zawadi impasayo baba au mjomba wa bibi harusi, na mkaja ni ya mama aliyemzaa. Anayetoa kilemba si lazima alete kitambaa, na mkaja si lazima uwe ukanda wa kufunga tumboni. Neno husitiri fedha ili undugu usifanane na biashara. Lakini kilemba na mkaja hutolewa mbele ya mashahidi, kwa kiwango kilichokubaliwa, na kwa mtu ambaye utamaduni umemtambua kuwa anastahili. Chai ya ofisini huazima vazi la desturi hii na kuacha masharti yake yote. Haina shahidi, kiwango chake hakijulikani, na anayeipokea tayari analipwa mshahara kwa kazi ileile.

Tasfida hii hutenda kazi tatu kwa pamoja. Kwanza, huudunisha uzito wa kosa, kwa maana kikombe cha chai ni kitu cha bei ndogo hata kiasi kinachotakiwa kikiwa maelfu. Pili, hugeuza nafasi za wahusika: mwananchi aliyekuja kudai haki yake hufanywa mwenyeji, na afisa akawa mgeni anayengoja kukirimiwa. Tatu, humfunga mwananchi mdomo kwa adabu yake mwenyewe. Mtu aliyelelewa kuamini kwamba kumnyima mgeni chai ni ufidhuli huona haya kukataa. Hapa ndipo neno hili linapokuwa hatari kuliko mrungura. Halimtishi mtu, linamsihi kwa kutumia malezi mema aliyopewa na mamaye.

Kenya haiko peke yake. Katika Kirusi, fedha anazopewa mhudumu kama bahashishi husemwa kuwa ni za chai. Wahindi na Wapakistani husema chai-pani, yaani chai na maji, wakimaanisha mlungula mdogo, na Waajemi wana pul-e chai, pesa ya chai. Hata pasipo na chai, vinywaji havikosekani: Wajerumani huiita bahashishi fedha ya kunywea, nao Wafaransa huiita hongo chungu cha mvinyo. Yamkini sababu ni kuwa kinywaji ndicho kitu kidogo kabisa ambacho binadamu humpa mwenzake bila kuhesabu. Tuliona kwamba kule Tibet na Siberia matofali ya chai yalikuwa fedha halisi. Kwetu imekuwa kinyume: fedha ndizo zinazojifanya chai.

Mfano wa Hong Kong unafaa kuzingatiwa. Katika miaka ya 1960 na mapema ya 1970, wakaazi wa mji huo walizoea kutoa pesa za chai kwa wahudumu wa gari la wagonjwa kabla ya mgonjwa kubebwa, na kwa wahudumu wa wodi hospitalini ili mgonjwa apewe maji. Mwaka wa 1974 iliundwa tume huru ya kupambana na ufisadi, ambayo pamoja na kuwashtaki wakubwa ilifanya kazi ya kuwaelimisha watu wa kawaida. Mazoea yaliyodhaniwa kuwa ni utamaduni yalipungua mno katika kizazi kimoja. Kwa hivyo hoja kwamba chai ni desturi yetu Waafrika haina mashiko.

Kipimo cha Kikombe Hicho

Mwandishi wa makala haya amelelewa kwa majani chai. Wakati mmoja alimsindikiza mamaye katika ofisi moja ya umma kufuatia hati ambayo sheria ilimpa haki ya kuipata. Baada ya kurudishwa mara mbili, karani alitabasamu, akasema kwa upole: "Mama, na chai ya vijana?" Mama akafungua fundo la leso, akatoa shilingi 500. Hati ilipatikana kabla ya adhuhuri. Njiani, ndani ya matatu, hakulalamika. Alisema tu kwamba hizo zilikuwa kilo 20 za majani.

Nimezirudia hesabu hizo mara nyingi. Kwa malipo ya kila mwezi aliyokuwa akipokea wakati ule, shilingi 500 zilikuwa kweli takriban kilo 20 za majani mabichi: majani mawili na chipukizi, yanayochumwa moja baada ya jingine katika umande wa alfajiri, na kubebwa mgongoni hadi kituo cha kununulia. Kiwanda huhitaji kati ya kilo nne na tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyokauka. Kilo 20 basi hutoa zaidi ya kilo nne, na kwa kuwa gramu mbili hutosha kikombe kimoja, hivyo ni vikombe 2,000 na ushei. Karani aliomba chai, akapewa ya kutosha wanakijiji wote wa kwetu na wageni wao. Wala mama hakualikwa kuketi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba chai, kutoka China hadi Moroko na kutoka Japani hadi Kericho, imethaminiwa si kwa sababu ya majani yake tu bali kwa sababu ya kitendo kinachoandamana nayo: mtu mmoja kumpa mwenzake muda na kitu cha moto bila kudai malipo. Tumeona pia kwamba historia yake haikosi doa, kwani imewahi kuchanganyika na utumwa, vita na unyang'anyi wa ardhi. Tasfida ya hongo ni doa jingine, na hili ni la lugha yetu wenyewe.

Sheria ya Hongo ya mwaka wa 2016 humtia hatiani anayetoa na anayepokea, wala haina kifungu cha chai. Sisi wanafunzi wa Kiswahili si polisi wala mahakimu, lakini tuna jukumu letu katika uteuzi wa maneno. Tunapoandika habari, tamthilia au hata insha za wanafunzi tutakaowafundisha, hebu tuiite hongo kwa jina lake, na tamthilia ikihitaji mhusika aombe chai, basi tumwonyeshe mtazamaji ni nani aliyeichuma. Na pindi afisa atakapotuuliza habari za chai, tumjibu kwa Kiswahili fasaha kwamba chai iko nyumbani, mlango u wazi, na akija hatalipishwa.